Mabasi mnanunua, safari hamzilipii: ufadhili wa usafiri wa mabasi ni usanii mtupu

Wakuu,

Kila huduma ya mabasi ikidorora tunapewa majibu yale yale mawili: nauli ipande, au yaletwe mabasi mapya. Mabasi yanaletwa, utepe unakatwa, picha zinapigwa. Baada ya muda sehemu kubwa ya mabasi hayo imeegeshwa gereji haina spea, na kituoni watu wamesimama vile vile. Hasira ya uzi huu inatokana na jambo moja: hili si fumbo. Hesabu zake ni za shule ya msingi, na wanaosaini mikataba wanazijua.

Chukueni ruti ya kilomita 12 kwenda na 12 kurudi. Mwendo wa wastani, ukiweka vituo, taa na foleni, ni kilomita 15 kwa saa. Kwenda dakika 48, kurudi dakika 48. Weka dakika 12 kila mwisho wa ruti ili basi lililochelewa lirudi kwenye ratiba na dereva apate hata kwenda msalani. Mzunguko mzima ni dakika 120. Ukitaka basi kila baada ya dakika 10, lazima mabasi 12 yawe barabarani kwa wakati mmoja. Si 12 yaliyonunuliwa, ni 12 yanayotembea. Ongeza mawili ya akiba kwa ajili ya matengenezo, yanakuwa 14.

Sasa foleni ishushe mwendo hadi kilomita 12 kwa saa. Safari ya upande mmoja inakuwa saa nzima, mzunguko unafika dakika 144, na mabasi yale yale 12 hayawezi tena kutoa basi kila dakika 10, yanatoa kila dakika 12. Kurudi kwenye 10 unahitaji mabasi 15 barabarani. Matatu ya ziada, na madereva wake, na dizeli yake, kubeba abiria wale wale! Nendeni mkatafute kifungu cha bajeti kinacholipia hayo matatu. Hakipo. Na dawa ya bei nafuu kuliko zote, yaani njia ya mabasi peke yake barabarani, kila mwaka ni "tunaifanyia upembuzi", maana hakuna anayetaka kumwambia mwenye gari dogo asogee.

Madereva nao ni vivyo hivyo. Basi linalofanya kazi saa 16 kwa siku, siku 7, lina saa 112 kwa wiki. Dereva wa saa 40 kwa wiki maana yake unahitaji madereva 2.8 kwa basi moja, na hapo hujaweka likizo, ugonjwa, mafunzo, wala muda wa kukagua gari asubuhi na kulikabidhi jioni. Ukiviweka unavuka watatu. Mabasi 12 ni karibu madereva 40. Mliwahi kusikia kwenye sherehe ya kukata utepe mtu akitaja idadi ya madereva walioajiriwa? Wanataja mabasi tu, kwa sababu basi linapigika picha.

Hiyo ni sehemu ya kwanza ya usanii: fedha za kununua zinatafutwa kwa mkopo au msaada, zinalipwa mara moja, zimekwisha. Fedha za kuendesha zinatakiwa kila siku kwa miaka 12 au 15 ya uhai wa basi, na hizo ndizo zinazoachwa "zijitegemee". Zijitegemee kwa nini? Kwa nauli. Na nauli mmeipangia bei nyinyi wenyewe mnaosaini mikataba.

Sehemu ya pili ni mbaya zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Hata pale ruzuku inapotolewa, inalipwa kwa kitu kisichofaa. Mlipaji akilipa kwa kitu fulani, ndicho atakachopata.

Mkimlipa mwenye basi kwa nauli peke yake, na dereva akawa anapeleka hesabu kwa tajiri, basi litasubiri mwanzo wa ruti mpaka lijae, litakimbizana na la mbele, litakatisha ruti pale abiria wanapopungua. Dereva hapo si mtovu wa adabu, anafanya hasa kile anacholipwa kufanya. Mkilipa ruzuku kwa lita ya dizeli, kama Uingereza ilivyofanya kwa miaka mingi, basi linalokunywa mafuta mengi linapata ruzuku kubwa kuliko linalobana matumizi. Mkilipa kwa kilomita bila kutenganisha kilomita zenye abiria na zile za kutoka gereji hadi kituo cha kwanza, mtalipia mabasi matupu. Mkilipa donge nono la mwezi bila kuangalia kama basi limetoka, basi halitatoka.

Hilo la mwisho lina mfano wake unaojulikana dunia nzima. Februari 2007 jiji la Santiago, Chile, lilibadilisha mfumo wote wa mabasi kwa mpigo, mradi ulioitwa Transantiago. Mfumo wa zamani ulikuwa wa mabasi kugombania abiria barabarani, na kweli ulikuwa na vurugu. Ila kwenye mfumo mpya mapato ya kampuni yaliwekewa dhamana kubwa kiasi kwamba kampuni ikitoa mabasi pungufu haikuumia sana. Mitambo ya kufuatilia mabasi ilikuwa haijawa tayari, kwa hiyo hata kuwakata fedha ilikuwa shida. Watu wakajazana vituoni, treni za chini ya ardhi zikafurika, na Rais Michelle Bachelet akasimama hadharani kuwaomba wananchi radhi. Baadaye mikataba ikaandikwa upya. Anayesaini leo mkataba wa namna ile hana kisingizio.

Tazameni London. Mwaka 1986 Uingereza ilipoachia soko la mabasi huria karibu kila mahali, London ilibaki na utaratibu wa zabuni. Mamlaka inapanga ruti na ratiba, inachukua nauli, kampuni inalipwa kuendesha. Kwenye ruti zenye mabasi ya mara kwa mara hawapimi kama basi limefika saa 2:07 kamili. Wanapima abiria amesubiri muda gani kupita ule ambao angesubiri kama mabasi yangepishana sawasawa. Kampuni ikifanya vizuri inaongezewa, ikivurunda inakatwa. Greater Manchester iliyaona hayo, ikaanza kurudisha mabasi yake chini ya mamlaka Septemba 2023 na kumaliza Januari 2025. Sisemi wamefika mbinguni. Nasema wamejua wanalipia nini.

Na kipimo hicho hakihitaji mtambo wa gharama. Saa ya mkononi na daftari vinatosha. Simama kituo cha katikati ya ruti, si cha mwanzo, maana mwanzo kila kitu huwa kizuri. Andika dakika kila basi linapofika na namba yake ya usajili, na weka alama kwa lililopita bila kusimama. Hilo lililopita usilihesabu kuwa limefika, kwa abiria halipo. Kisha toa tofauti za dakika kati ya basi na basi. Tuseme kwa saa moja umepata 2, 18, 3, 17, 1, 19. Mabasi ni sita, na ripoti ya ofisini itaandika "wastani ni dakika 10, lengo limefikiwa". Uongo wa kitaalamu huo! Zidisha kila tofauti kwa yenyewe: 4, 324, 9, 289, 1, 361. Jumla 988. Gawa kwa mara mbili ya dakika zote, yaani 120. Unapata 8.2. Huo ndio muda abiria wa kawaida anaosubiri. Mabasi yangepishana sawa angesubiri 5. Dakika tatu na ushee zimeibwa kwa kila mtu, bila basi hata moja kukosekana, kwa sababu tu yanatembea mawili mawili kama yamefungwa kamba. La mbele limejaa pomoni, la nyuma tupu. Kurekebisha hapo ni kazi ya msimamizi wa ruti mwenye redio na mamlaka ya kulizuia basi dakika mbili, mshahara wa mtu mmoja. Lakini mkataba unaohesabu mabasi kwa saa haumhitaji, kwa hiyo hayupo.

Wanafunzi sasa. Hili linakera kuliko yote. Serikali inatangaza kwamba mwanafunzi alipe nusu ya nauli au pungufu ya hapo, makofi yanapigwa, halafu tofauti hailipwi na mtu. Mnategemea nini? Mtoto anachukua nafasi ile ile ya mtu mzima saa za asubuhi, wakati ambao kila nafasi inagombaniwa. Konda anafunga mlango. Mnamtuma askari kumkamata konda, kesho mtoto yuko pale pale kituoni. England wana kanuni kwenye safari za bure za wazee: kampuni irudishiwe fedha kiasi cha kutopata hasara wala faida kwa sababu ya punguzo hilo. Kanuni nzuri, ingawa ubishi juu ya kiasi hauishi. Punguzo bila fidia siyo msaada kwa mwanafunzi, ni kodi anayotozwa mwenye basi, naye anaihamishia kwa mtoto kwa kumwacha njiani.

Wapo watakaosema "pandisheni nauli, mambo yaishe". Nauli ikipanda kwa asilimia 10, kanuni ya zamani ya wachambuzi wa usafiri ni kwamba abiria wanapungua kama asilimia 3 kwa muda mfupi. Mapato yanaonekana kupanda, mkurugenzi anafurahi. Miaka inavyokwenda wengine wananunua pikipiki, wengine wanahama, na upungufu unaongezeka. Abiria wakipungua mnapunguza safari. Safari zikipungua muda wa kusubiri unaongezeka, abiria wanapungua tena. Mchumi Herbert Mohring alilieleza hili kwa upande wake mzuri mwaka 1972: kila abiria mpya anasaidia mabasi yawe mengi zaidi na wenzake wasubiri kidogo. Nyinyi mmeamua kuliendesha kinyumenyume.

Mnaanza na basi la mwisho la usiku, kwa kuwa "lina abiria saba tu". Hao saba walipanda mabasi yenu asubuhi wakijua watarudi. Ukifuta la saa nne usiku, unapoteza nauli ya usiku na ya asubuhi pia. Hesabu ya ruti moja moja na safari moja moja haitaonyesha hilo hata siku moja.

Halafu malipo ya kuchelewa. Ruzuku ya mwezi wa kwanza inatoka mwezi wa tano. Kampuni haifungi siku hiyo hiyo, inaanza kula basi lenyewe. Kwanza inasogeza mbele tarehe ya kubadilisha oili na filta. Kisha matairi yanavaliwa mpaka kashata zinaisha. Pedi za breki zinanunuliwa za bei chee. Mlango wa upepo ukivuja hautengenezwi, kompresa inafanya kazi mfululizo mpaka inakufa. Mwisho basi moja linawekwa juu ya mawe na kunyofolewa alternata, taa na rejeta ili mengine matatu yatoke. Likishafika hapo halirudi. Kwa hiyo miezi minne ya kuchelewesha karatasi inaua basi la miaka 12, kisha tunaambiwa tukope kununua jingine.

Kwenye mabasi ya umeme, ambayo sasa ndiyo wimbo wa kila mkutano, fanyeni hesabu moja tu kabla ya kupiga makofi. Basi la mita 12 linatumia takriban kilowati-saa 1 hadi 1.5 kwa kilomita. Kwa kilomita 240 kwa siku, weka 300. Mabasi 12 ni 3,600 kila usiku, na mkiwa na saa sita za kuchaji, gereji inahitaji kilowati 600 mfululizo. Transfoma iko wapi? Nani kalipia laini? Betri ikichoka katikati ya mkataba, ni ya nani? Basi hilo kulinunua ni ghali na kuliendesha ni nafuu, kwa hiyo linaweza kulipa, ila tu kama linatembea kilomita nyingi kila siku. Likiegeshwa kwa kukosa chaja ni hasara kuliko la dizeli.

Msituambie hakuna vyanzo vya fedha. Ufaransa tangu 1971, ikianzia eneo la Paris, inawatoza waajiri asilimia fulani ya mishahara kwa ajili ya usafiri wa umma. Leo inawahusu wenye wafanyakazi 11 na zaidi. Mantiki ni rahisi: mwajiri anafaidika wafanyakazi wakifika kazini. Ada za maegesho zipo. Thamani ya ardhi inayopanda kandokando ya ruti ipo. Hata Luxembourg, iliyofuta nauli mwaka 2020, haikufuta gharama, ilihamishia kwenye kodi na ikasema wazi.

Tunachotaka kiwekwe hadharani kila mwezi, kwa kila ruti, ni hiki: kilomita zilizopangwa na zilizotembea kweli, muda wa kusubiri uliozidi, kiasi kilicholipwa na tarehe kilipolipwa, na makato yaliyotozwa pamoja na sababu zake. "Foleni" isikubaliwe kuwa sababu mpaka kumbukumbu ya mwendo wa mabasi yote ya ruti hiyo ionyeshe hivyo. Pale mitambo ya kufuatilia mabasi ilipokwishawekwa na kulipiwa, data zipo.

Mwenye nakala ya mkataba wa ruti za eneo lake aweke hapa ukurasa wa malipo na ukurasa wa makato tu, majina ya watu ayafute. Tuanze kuangalia wanalipia nini.