Naombeni ushauri wa haraka: nataka kubadilisha changarawe za tangi la samaki

MamaTwiti
Wanajukwaa, hamjambo. Niko Kisumu, Migosi. Sebuleni nina tangi la lita 80, na chini kuna changarawe za buluu zilizokuja nalo. Zimechafuka, ukizichokora kwa kijiti linapanda wingu la uchafu. Nataka kuzitoa zote niweke mchanga mweupe. Samaki niwahamishe kwanza ama nifanye kazi wakiwa humo humo? Nijibuni leo, usingizi hauji.

FundiTangi
Dada, usizoe zote kwa siku moja. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na ile amonia ni sumu kwao. Wanaoimaliza ni bakteria wanaoishi kwenye changarawe na kwenye sponji ya filta. Toa robo, ngoja wiki moja au mbili, utoe robo nyingine. Sponji usiiguse kipindi hicho.

Jirani_Nakuru
Mimi nilikuwa na tangi hapa Section 58. Stima zikapotea usiku, pampu ikazima, asubuhi nikakuta samaki saba wanaelea. Mtoto wangu alilia hadi akakosa kwenda shule. Nikauza tangi nikanunua kuku, na sijajuta. Fikiria kuku, mama.

Mtumishi_K
Kuna nyumba Nyalenda wananunua maji kwa mtungi, na sisi tunamwagia samaki wa mapambo. Tujiulize.

FundiTangi
MamaTwiti, hujasema ni samaki gani, wala wangapi. Tena mtu hakosi usingizi kwa ajili ya changarawe. Kumetokea nini?

MamaTwiti
Haya. Ni fulu sita, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, nilipewa na kijana mvuvi wa Dunga wakiwa kwenye ndoo. Mmoja leo ni siku ya tisa hajala. Kidevu kimemvimba, amejificha nyuma ya jiwe. Nikajua ni ugonjwa umetoka kwa huo uchafu. Kwa hivyo Jumamosi nilishatoa nusu ya changarawe, na sponji nikaiosha kwa maji ya mfereji mpaka ikarudi rangi yake. Msinilaumu, ningekaa nikimwangalia afe? Na mchanga uko tayari, dada yangu ameutuma kwa basi kutoka pwani, gunia nzima, mzigo nimelipia mimi. Siwezi kuutupa. Nauliza tu namna ya kuumalizia.

Okwonko_wa_Kondele
Hapa nasema wazi: hadithi hii imetungwa. Fulu gani wa kufugwa sebuleni? Mbuta, yule samaki mkubwa anayekula wenzake, aliletwa ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 80 alikuwa amewala fulu karibu wote. Leo mtu wa Migosi anao sita kwenye kioo, tena mgonjwa siku tisa bila kula na hafi! Watu wanatunga mambo wasomwe.

JaduongUsenge
Kijana, usimwite mama wa watu mwongo. Mimi nimezaliwa Usenge. Ni kweli mbuta aliwamaliza wengi, kuna aina za fulu ambazo babangu alizijua na mimi sizioni tena. Lakini kwenye mawe karibu na ufuo bado wapo. Tulipokuwa wadogo mama alikuwa akiwakausha juu ya paa na kuwapika na karanga. Samaki yule ana miiba, mtoto alikula akiwa ameshikwa mkono.

Okwonko_wa_Kondele
Basi atueleze anachokiona. Asipojibu tujue.

MamaTwiti
Nimepiga magoti mbele ya tangi na tochi ya simu. Ni samaki wa kijivu, hana rangi kama yule mkubwa wa buluu anayemfukuza. Mdomo anautikisa muda wote kama anayetafuna, na hakuna chakula. Amefungua kidogo nikaona punje za manjano, kama za mtama, zimejaa hadi kooni. Zikazunguka, akafunga. Mikono inanitetemeka. Ni vidonda?

FundiTangi
Mama, hayo ni mayai! Fulu jike huatamia mdomoni, wiki mbili hadi tatu, na muda huo mara nyingi hali kitu. Siku tisa bila kula, kidevu kujaa, kujificha: huyo ni mzazi, si mgonjwa. Usimtoe, usimkimbize na wavu, akiogopa anaweza kuyatema au kuyameza. Hao wengine wanapumuaje?

MamaTwiti
Sikutaka kusema. Tangu jana wawili wako juu kabisa, wanahema midomo ikiwa nje ya maji.

FundiTangi
Hiyo nadhani ni amonia. Umetoa nusu ya changarawe, na klorini ya mfereji imeua bakteria waliokuwa kwenye sponji. Chota maji ya kesho uyaache kwenye beseni wazi siku nzima, kisha badilisha robo ya tangi kila siku, polepole. Leo usilishe. Pampu ya hewa iwake usiku kucha. Changarawe zilizobaki ziache kabisa. Na huo mchanga dondoshea siki.

MamaTwiti
Nimedondoshea, umetoa povu.

FundiTangi
Una chembe za matumbawe na kome. Unapandisha ugumu wa maji. Fulu wanaweza maji ya aina hiyo, lakini si ghafla, na si mama akiwa na mayai. Tena una chumvi.

MamaTwiti
Nimeusukuma chini ya ngazi. Sijautupa, nitauosha na kuuweka kidogo kidogo watoto wakishatoka. Leo ni siku ya nne tangu uniambie. Nimebadilisha maji kila jioni, wale wawili wameshuka. Nimefunika kioo cha mbele kwa leso, Twiti asikigonge. Sasa watoto wakitemwa, wale nini?

FundiTangi
Chakula kile kile, kisage kiwe unga. Na mdomo wa filta uvishe soksi nyepesi, wasifyonzwe.