Wakuu, neno VYAKULA limekatika katikati kama meno ya mtoto. Nimekosea wapi?

mchovya_wino:

Wakuu habari za jioni. Niko muhula wa kwanza kozi ya usanifu wa picha kwa kompyuta, hapa Dar. Kilaptopu changu kina RAM ya GB 4, Photoshop inakiua, kwa hiyo natumia Inkscape, programu nyingine ya kuchorea.

Mama mdogo ana banda la chakula Temeke. Akaniambia, "Si ndiyo unasomea hayo? Nitengenezee bango." Nikajua ndiyo kazi yangu ya kwanza. Meta 2 kwa 1, maandishi meupe juu ya kijani. Juu VYAKULA VYA ASILI, chini WALI WA NAZI, MATEMBELE, NG'ONDA. Fonti nilishusha bure mtandaoni, nene, kwenye skrini ilipendeza mno. Nikapeleka faili na fonti yake kwenye flashi, wakachapa.

Limetundikwa jana. Kwanza, V, Y na A zimeachana, ukiwa barabarani unasoma V Y AKULA V Y A ASILI, wakati nafasi sikuzigusa kabisa, niliacha programu ilivyopanga. Pili, kile kialama cha kwenye NG'ONDA kimetoka kiboksi kitupu. Wateja wameshaanza kumwuliza mama mdogo hicho kiboksi anauzaje. Tatu, kijani changu cha kung'aa kimekuwa kama mchicha uliochemshwa ukasahauliwa jikoni.

Mwalimu nilimwonyesha picha, akasema neno moja, "kerningi", akaendelea na somo. Ndiyo nini hiyo, na inarekebishwaje?

kalamu_nene:

Mkuu pole, na hongera kwa kutundika kazi barabarani muhula wa kwanza. Mimi ya kwanza niliificha.

Kila herufi inakaa ndani ya kisanduku usichokiona. H na N zina kuta wima, ukizipanga bega kwa bega zinakaa vizuri. V, Y, W na A zina mteremko, T ina uwazi chini ya mikono yake. Visanduku vinagusana lakini wino uko mbali, na macho yanaona pengo. Kerningi ni kusogeza jozi moja moja mpaka pengo lionekane sawa na mengine. Fonti iliyotengenezwa kwa uangalifu inakuja na jozi hizo zimeshapimwa. Za bure ziko zilizopimwa vizuri, ila nyingi mchoraji aliishia kwenye herufi tu.

Na Kiswahili kwa herufi kubwa kinaumia hapo kuliko unavyodhani. Hesabu mwenyewe: YA, WA, VYA, KWA, TAWI, WATU. Mteremko mtupu.

Kwenye Inkscape chukua zana ya maandishi, weka kasa (kile kijistari kinachopepesa) kati ya V na Y, shika Alt ubonyeze mshale wa kushoto. Ukiwa umevuta picha karibu, hatua inakuwa ndogo, ndivyo unavyotaka. Ila angalia mwisho wa neno: LA haibaniki, mguu wa L unagonga mguu wa A, na juu yake pengo linabaki pale pale. Kwa hiyo usibane VYA mpaka mwisho. Bana kiasi, kisha ilegeze K-U-L kidogo ifanane na LA. Wengi wanakosea hapo, wanabana mwanzo tu na neno linaonekana limesinyaa upande mmoja.

Ukimaliza geuza bango kichwa chini. Ukishindwa kulisoma ndipo unaona mapengo.

binti_wa_mvita:

Kiboksi ni kwamba fonti yako haina ile alama. Fonti nyingi za mapambo zimechorwa A hadi Z basi. Kwako programu iliazima alama kwenye fonti nyingine kimyakimya, kule walikochapa haikuazima. Mimi kabla sijaipenda fonti naandika kwanza *Ng'ombe 5,000/=*. Ikipita hapo tunaongea. Na ukienda kuchapisha, maandishi yageuze yawe maumbo (Path, halafu Object to Path), uhifadhi nakala nyingine unayoweza kuhariri. Hapo hata fonti hawaihitaji.

Jambo jingine ndugu yangu, itazame leso ya mamako mdogo, nyinyi mwaita kanga. Pindo, mji wa katikati, na jina, yaani yale maneno, ndani ya kisanduku chake. Jina ni herufi kubwa, mstari mmoja, bila madoido, na uwazi wa kutosha kuzunguka. Jirani aliyekusudiwa alisoma toka ng'ambo ya pili ya uwanja, wala haombi arudiwe. Bango lako limejaza vyakula hadi ukingoni, lingesumbua macho hata kama kerningi ingekuwa safi.

rangi_mbili:

Kijani: skrini inachanganya mwanga, RGB. Mashine inachanganya wino, CMYK, na kijani kile cha kuwaka hakimo ndani ya wino. Siku nyingine omba wakuchapie kipande kidogo cha jaribio kwanza. Wakikataa, hama.

mchovya_wino:

Wakuu nimerudi. Herufi saba za VYAKULA zimenichukua saa nzima, na kichwa chini nikagundua nilikuwa nimeibana Y kupita kiasi. Nilipolegeza KUL neno likatulia.

Kuchapa upya mama mdogo kakataa, hela hakuna. Nimepanda kwenye kiti na stika: kipande cha kijani juu ya kiboksi, halafu kialama cheupe nilichokata kwa mkasi. Kijani hakifanani lakini toka barabarani huoni. Ng'onda wanaagizwa kwa jina lao sasa.

Tatizo jipya: anataka niongeze namba ya simu, na picha ya samaki. Nafasi haipo.

binti_wa_mvita:

Namba weka, ondoa MATEMBELE. Samaki mkatalie kwa adabu.