Tumtoe mkongwe wetu tupewe vijana wawili?

Katibu: Wakuu, naombeni ushauri wa dhati. Mimi ni katibu wa timu ya daraja la chini. Mshambuliaji wetu ana miaka 34, na wapinzani wetu wametuomba tubadilishane: tuwape yeye, watupe beki wa kushoto wa miaka 21 na winga wa miaka 19. Dirisha la usajili linafungwa Ijumaa. Kamati imegawanyika katikati, kura ya kuamua ni yangu.

Msimu uliopita kafunga mabao 14, sita kati yake penalti. Tangu mzunguko wa pili uanze, hakuna bao hata moja alilofunga kwa kuwakimbia mabeki. Ni krosi au mpira uliotemwa na kipa. Jumanne nilimwangalia mazoezini. Alifunga bandeji kwenye goti la kulia, akaifungua, akaifunga upya, mara tatu, kabla hajagusa mpira. Lakini ndiye aliyewafundisha vijana wetu kujipanga kwenye kona, na nampenda sana.

Kiungo Mkabaji: Mkuu, umri peke yake usikutishe. Milan ya Italia walimwachia kiungo wao Pirlo aondoke bure mwaka 2011 akiwa na miaka 32. Juventus wakamweka chini agawe mipira, viungo wenzake Vidal na Marchisio wakikimbia kwa niaba yake, akabeba ubingwa wa Italia misimu minne mfululizo. Ila Pirlo hakuwahi kuishi kwa mbio. Huyo wako alikuwa anaishi kwa nini?

Katibu: Kwa mbio. Mbio tupu.

Shabiki wa Zamani: Basi hao jamaa wanawaza kama Roma ya mwaka 2000. Walimchukua mshambuliaji Batistuta akiwa na miaka 31, kwa fedha nyingi mno, akawafungia mabao 20 ya ligi, wakawa mabingwa 2001. Baada ya hapo mwili ukagoma. Roma hawakupata hasara, maana walikuwa wanakosa mmaliziaji tu, kikosi kingine kilikuwa tayari. Nyie mmekosa nini? Kama mnajenga timu ya misimu mitatu, hesabu yenu si hiyo.

Kiungo Mkabaji: Na huyo beki, umemwona dakika 90 au umesimuliwa? Timu haitoi beki mzuri wa miaka 21 bila sababu. Kamtazame akicheza, uulize pia majeraha yake. Halafu la muhimu kuliko yote: mzee mwenyewe umeongea naye? Asije akasikia mtaani.

Katibu: Nimetoka kwake sasa hivi. Nilijiandaa kwa maneno mengi, hakuniacha nifike mbali. Aliniuliza jambo moja tu, kama uwanja wao ni wa nyasi au wa udongo mgumu, kwa ajili ya goti. Nikamwambia ni nyasi. Akasema yule winga akija, siku za mwanzo apangwe kulia, kushoto anapotea. Alishamwona mara mbili. Kesho naenda kumtazama beki.