Naomba ushauri: nisubiri foleni ya shirika mama au nihame?

Wakuu, habari za saa hizi. Mimi ni rubani msaidizi huku Marekani, mwaka wa tatu sasa, narusha Embraer 175 kwenye kampuni ndogo inayomilikiwa na shirika kubwa. Ndege ina rangi za shirika kubwa, abiria kakata tiketi ya shirika kubwa, ila mshahara na mkataba wangu ni wa huku chini.

Nilipoajiriwa niliahidiwa foleni: zamu yako ikifika unapanda juu bila usaili mwingine. Wakati ule marubani tulikuwa lulu. Baadaye wakubwa wakapunguza kuajiri, nasi tukaganda.

Sasa kampuni ya mizigo imeniita usaili. Kinachonisumbua ni ukongwe. Huku ratiba, likizo, kituo na aina ya ndege vyote hufuata tarehe ya kuajiriwa, na ukihama unaanza mkiani hata uwe na saa 5,000 angani. Nikibaki, nimeshapita saa 1,000 ambazo sheria inazitaka kabla ya ukapteni, kwa hiyo kiti cha kushoto kiko karibu. Lakini nina miaka 38 na kustaafu ni lazima ukifika 65. Kila mwaka ninaosubiri unakatwa kule mwishoni, kwenye mshahara mnono.

Mke wangu anasema nihame. (Yeye anataka tu nilale nyumbani.)

Mliopitia njia hii, mlisubiri ukapteni kwanza au mlitoka? Na aliyeacha foleni, aliwahi kuitwa tena na shirika lile lile alipoomba kama mtu wa nje?