Mama ana baridi yabisi, mguu mmoja umevimba: achuliwe au tumpeleke hospitali?

Mwana wa Wete: Assalaam alaykum. Bi mkubwa wetu ana miaka 61, baridi yabisi ya viungo mwaka wa tisa huu. Anakunywa methotreksati, dawa ya kutuliza ugonjwa huo, kila Ijumaa, na diklofenaki maumivu yakizidi. Msimu huu wa karafuu viungo vimemkamata vibaya, siku 10 hashuki kitandani ila kwa kutawadha. Tangu juzi shavu la mguu wa kushoto limevimba, ukiligusa lina moto. Wa kulia haujambo. Jirani keshaleta mafuta ya makonyo ya karafuu, anasema ni baridi tu, achuliwe. Moyo wangu unakataa.

Bi Mkanjuni: Wa alaykum salaam mwanangu. Usimchue! Mie ninao ugonjwa huo, na mwaka juzi nilichuliwa siku tatu mguu wa namna hiyo. Ya nne nikaamka pumzi hazifiki, kifua kinachoma. Donge la damu lilikuwa limebanduka mguuni limekwenda mapafuni. Mpaka leo nikipanda ngazi nasimama katikati.

Kijana wa Ole: Mpe aspirini kwanza, mkaangalie kesho.

Muuguzi Mkoani: Hapana, ndugu, aspirini si dawa ya donge la mguuni. Mwenye baridi yabisi, hatari ya damu kuganda mishipani ni kama mara mbili ya mtu mwengine. Ule moto wa ugonjwa haukai viungoni tu, unaifanya na damu igande upesi, na kulala siku 10 kumeongeza. Niseme na haki: wagonjwa hawa huota kifuko cha maji nyuma ya goti, kikipasuka mguu huvimba vivi hivi. Kwa macho hata mie siwezi kuvitenganisha. Ultrasaundi ya mishipa ndiyo itakayosema. Mpelekeni leo, na mtaje diklofenaki mapema. Ikikutana na dawa ya kuzuia damu kuganda, tumbo linaweza kuvuja damu.

Mwana wa Wete: Tumefika. Ni donge, juu kidogo ya goti. Amelazwa, ameanza sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, diklofenaki imesimamishwa. Mafuta nimemrudishia jirani kwa adabu, naye amelia sana.

Bi Mkanjuni: Alhamdulillahi. Mwambie namwombea shifaa. Akianza kukosa pumzi usiku, msione haya kumwamsha muuguzi.