Ndoa yetu ina amani lakini shauku imefifia: naomba ushauri wenu

DadaWaMalaba

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Ninaandika nikiwa Malaba, upande wa Uganda, na ninawaomba mnisome kwa utulivu, maana jambo hili siwezi kulipeleka kwa majirani wala kwa wakwe zangu.

Mimi na mume wangu tulifunga ndoa mwaka 2011 na Mungu ametujalia watoto watatu. Mume wangu halewi, hanipigi, karo za watoto analipa kwa wakati, na sijawahi kupata sababu ya kumshuku kwamba ana mwanamke mwingine. Kinachonisumbua ni kwamba ile hamu tuliyokuwa nayo, ya kutamani jioni ifike tuwe pamoja, imefifia kwangu na kwake pia. Mwezi mzima unaweza kupita bila tendo la ndoa, na hakuna hata mmoja wetu anayelitaja.

Mume wangu ni wakala wa forodha. Mpaka wetu haulali, malori yanayotoka Mombasa hupanga foleni usiku na mchana, kwa hiyo simu yake hulala katikati yetu, juu ya mto. Ikitikisika saa nane za usiku, huketi, huvaa miwani na kuanza kumsomea dereva namba za makaratasi, nami nimefikia mahali pa kuzijua baadhi ya namba za malori hayo kwa kichwa. Upande wa ukutani analala mtoto wetu wa mwisho, ambaye ameshaanza shule lakini hakubali kulala na dada zake. Tukizungumza, tunazungumza karo, kodi ya duka langu la vitenge, na saruji ya nyumba tunayojenga Tororo.

Shoga zangu wananishauri ninunue nguo za kulalia, na mama mmoja sokoni amenipa dawa ya kienyeji ya kumtilia mume wangu kwenye chai. Sitaki ujanja, wala sitaki kumnywesha mtu kitu asichokijua. Ninataka kusikia kutoka kwa waliokaa katika ndoa kwa muda mrefu: je, shauku ikishapungua inaweza kurudi? Na nitalianzaje jambo hili bila yeye kuona kwamba ninamshtaki kuwa si mwanamume kamili?

MzeeWaTororo

Binti yangu, umetaja mume asiyelewa, asiyepiga na anayelipa karo, na kuna wanawake wengi hapa ambao wangelia kwa furaha kupata hayo. Moto wa ujana huwapitia watu wote, kisha hubaki heshima na kuzoeana. Mshukuru Mungu, lea watoto wako, na usiitafutie ndoa yako ugonjwa.

BibiWaBombo

Mzee wangu, shikamoo, lakini hapa sikubaliani nawe. Mke anayemtamani mume wake baada ya miaka yote hiyo ameleta habari njema, na habari njema haijibiwi kwa kuambiwa anyamaze. Heshima na mazoea ni mambo makubwa, lakini watu wawili wanaweza kuheshimiana kabisa huku kila mmoja akikauka peke yake, na hatari ya hali hiyo ni kwamba haina kelele, kwa hiyo hakuna anayeitwa kusuluhisha.

Mwanangu wa Malaba, nikwambie ninachokiona. Hapa Uganda tunamwandaa bibi harusi vizuri sana. Baganda wana ssenga, yaani shangazi wa upande wa baba, ambaye humfundisha binti mambo ya chumbani kwa sababu mama mzazi haruhusiwi kuyasema, na sisi Wanubi tuna wamama wetu wanaoketi na binti kabla ya harusi, wakamfundisha udi, usafi na namna ya kumpokea mume. Lakini kwa wengi wetu mafunzo hayo huishia siku ya harusi. Ni shangazi wachache wanaorudi baada ya miaka kumi kumuuliza mke kama bado anacheka akiwa na mumewe, na mwanamume ndiye kabisa, yeye hafundishwi na mtu. Ninaliona hili kuwa pengo kubwa katika mila zetu, na ninalisema kwa sababu nimewaandaa mabinti wengi mimi mwenyewe.

Sasa tazama kitanda chako. Umeniambia kuna mtoto upande mmoja na simu katikati. Kabla ya nguo za kulalia na kabla ya jambo lolote lile, kitanda hicho kirudi kuwa cha watu wawili. Usimhamishe mtoto kwa siku moja wala kwa ukali, kwa kuwa atalia na baba yake atamrudisha. Anza kwa kumlaza kwenye kitanda cha dada yake mkubwa na ukae naye hapo mpaka apitiwe na usingizi. Akiamka usiku na kuja kwenu, mshike mkono umrudishe, bila kumgombeza na bila kumruhusu apande. Watoto wengi huzoea ndani ya wiki chache, mradi wazazi wote wawili washikilie neno moja, na hapo ndipo utakapomhitaji mume wako awe upande wako. Mkishirikiana katika hilo tu, tayari mtakuwa mmefanya jambo moja lenu ambalo si la biashara.

Na hiyo dawa ya sokoni uitupe leo.

MuuguziJinja

Ninaunga mkono kuitupa. Mimi ni muuguzi, na jambo linalonitia hofu ni kwamba dawa zinazouzwa mitaani kama mitishamba ya nguvu za kiume zimewahi kukutwa, katika nchi mbalimbali, zikiwa zimechanganywa kwa siri na sildenafil, ambayo ni dawa ya hospitali. Mtu anayetumia dawa za moyo za kundi la naitreti akinyweshwa kitu hicho bila kujua, shinikizo lake la damu linaweza kushuka kwa namna ya kuhatarisha maisha.

Dada, ningependa kuuliza mambo mawili kabla ya kuzungumzia mapenzi yenyewe. Je, unatumia njia gani ya uzazi wa mpango, na je, mume wako ana kisukari au shinikizo la damu? Sindano ya miezi mitatu haiwaathiri wanawake wote kwa namna moja, lakini wapo ambao hamu yao hupungua wakiwa wanaitumia. Kisukari na shinikizo la damu huharibu mishipa, na baadhi ya dawa za shinikizo, hasa za kundi la beta-bloka na zile zinazoongeza mkojo, zinaweza kudhoofisha nguvu za mwanamume. Mwanamume akiona hivyo mara moja au mbili, mara nyingi huanza kulikwepa tendo lenyewe ili asiaibike, na mke hudhani kwamba hapendwi tena.

Jambo jingine linahusu hamu yako mwenyewe. Mwaka 2000 daktari Rosemary Basson wa Kanada alieleza kwamba kwa wanawake wengi walio katika uhusiano wa muda mrefu, hamu si lazima itangulie. Mwanamke huanza na utayari wa kuwa karibu na mwenzake, kisha mwili unapoguswa kwa upole na kupewa muda, hamu hufuata. Kwa hiyo usiku ambao hujisikii lolote si ushahidi kwamba shauku imekufa. Ninasema hivi nikimaanisha utayari wa kweli, kwa sababu kujilazimisha huzaa chuki.

DadaWaMalaba

Ninawashukuru sana, na Bibi, maneno yako nimeyasoma zaidi ya mara moja. Muuguzi, ni kweli ninatumia sindano tangu mtoto wa mwisho, na mume wangu alianzishiwa vidonge vya shinikizo la damu mwaka jana. Sikuwahi kuyaunganisha mambo haya. Je, aache vidonge?

MuuguziJinja

Hapana, asiache hata siku moja bila kumwona daktari, kwa kuwa shinikizo lisilotibiwa linaweza kuleta kiharusi. Aende kliniki aliyoandikiwa na aseme waziwazi kinachompata, maana kuna makundi mengine ya dawa ambayo daktari anaweza kumbadilishia. Akieleza kwamba nguvu zimepungua, apimwe pia sukari na moyo, kwa sababu upungufu huo wakati mwingine hutangulia ugonjwa wa moyo. Wewe nawe uliza kuhusu njia nyingine za uzazi wa mpango, ikiwemo kitanzi kisicho na homoni.

MwalimuMbale

Ninajibu kama mume, kwa kuwa naona wengi waliotangulia ni akina mama. Dada, mwanamume akisikia neno "hatufanyi tena," husikia kwamba ameshindwa, hata kama hukukusudia hivyo. Kwa hiyo usilianze jambo hili kitandani, wala usiku ambao amejaribu ikashindikana, wala mbele ya karatasi za hesabu. Lianze mkiwa mnatembea, kwa sababu wanaume wengi husema mengi zaidi wanapotazama njia kuliko wanapotazamwa usoni. Na uanze na kile unachokikosa kwake, kwa mfano: "Nimekukumbuka. Tunalala kitanda kimoja lakini nimekukumbuka." Kisha nyamaza umwachie nafasi. Habari ya vidonge ije baadaye, na ije kama jambo lenu wote wawili, ukitaja sindano yako kwanza.

Kuhusu swali lako kama shauku hurudi, ninaamini hurudi, na ninayo sababu. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Arthur Aron na wenzake nchini Marekani walichapisha majaribio waliyofanya na watu walio katika ndoa na uchumba. Baadhi yao walifungwa pamoja kifundo cha mkono na cha mguu, wakaambiwa watambae juu ya magodoro huku wakibeba mto bila kutumia mikono, na wengine walipewa kazi ya kawaida isiyosisimua. Waliofanya lile jambo geni, lenye vicheko na hangaiko, waliuona uhusiano wao kuwa bora zaidi baadaye kuliko wale wengine. Ninachojifunza hapo ni kwamba chakula cha hotelini mkiwa mmekaa kimya si dawa, hata kikiwa cha bei ghali. Kinachohitajika ni jambo ambalo ninyi wawili hamjalizoea. Mnakwenda Tororo kukagua saruji, na Mwamba wa Tororo uko hapohapo. Pandeni siku moja asubuhi, bila watoto. Kuna sehemu zenye ngazi ambapo utahitaji kushikwa mkono, na juu mtaiona nchi yote mpaka Kenya.

WakalaBusia

Mimi nami ni wakala wa forodha, hapa Busia, na nimeona hakuna aliyegusa ile simu kwa upande wa kazi. Shemeji, mume wako hawezi kuizima tu, kwa sababu lori likikwama usiku kwa kasoro ya makaratasi, mteja hulipishwa siku za ziada na kesho yake humtafuta wakala mwingine. Usimwombe achague kati yako na kazi, maana atakuambia kwamba kazi ndiyo inayowalisha, na atakuwa anasema kweli. Mwombe aelewane na wakala mwenzake anayemwamini wapokezane usiku: usiku fulani simu za madereva ziende kwa mwenzake, na usiku unaofuata yeye ampokelee mwenzake. Sisi hapa tunafanya hivyo, na madereva tunawaarifu mapema jioni, kabla malori hayajaingia kwenye foleni. Kama hana mtu wa kumwamini Malaba, na aanze na usiku wa Jumamosi peke yake.