Sheria ya Uchawi ya 1928: ifutwe au ibaki?

Kalamu ya Mkaa
Wakuu, naleta hoja. Sheria ya Uchawi aliiandika Mwingereza mwaka 1928 na mpaka leo imo vitabuni, Sura ya 18. Inamtia hatiani anayejidai kuwa na nguvu za uchawi au kukutwa na vifaa vyake. Shida iko hapo kwenye "kujidai". Aliyeitunga hakuamini kwamba uchawi upo, kijiji kinaamini upo. Mahakama ikimwachia mtuhumiwa kwa kukosa ushahidi, kijiji kinaona serikali inamlinda mchawi, halafu kinajihukumia chenyewe usiku. Kati ya 1970 na 1984 waliuawa zaidi ya watu 3,000 Tanzania Bara kwa tuhuma hizi, wengi wanawake, wengi Usukumani. Sheria ilikuwepo muda wote huo. Na vikongwe wale kosa lao ni macho mekundu, ambayo ni moshi wa kupikia samadi ya ng'ombe tu. Nasema ifutwe. Nani anaitetea?

Nyanda wa Ntuzu
Samadi "tu"? Kila uzi wa Usukuma lazima mtukumbushe kwamba tunapikia mavi ya ng'ombe. Eleza basi miti ilikwenda wapi. Mkoloni alifyekesha vichaka kumfukuza mbung'o, zikafuata pamba na mifugo, kuni zikaisha. Mama akabaki na samadi kavu na mabua ya pamba, jikoni hamna dirisha, moshi unatokea mlangoni alikokaa yeye.
Halafu moshi peke yake hauelezi macho yale. Kuna trakoma, vikope. Nzi na mikono ya watoto hupeleka maambukizi jichoni, mara leo mara mwakani, mpaka ukope wa juu unapata kovu kwa ndani na kujikunja. Kope zinaanza kukwaruza mboni kila anapopepesa. Wanawake huumia zaidi kwa sababu ndio wanaoshinda na watoto wadogo. Kwa hiyo bibi aliyelea wajukuu kumi ndiye anayeambiwa amewala.

Wakili wa Pori
Mleta mada umeruka kifungu kibaya kuliko vyote. Sheria ile inampa Mkuu wa Wilaya uwezo wa kumwamuru mtuhumiwa akaishi mahali fulani na awe anaripoti. Ni kuhamishwa kwa amri ya ofisi. Uganda walikuwa na kitu cha namna hiyo kwenye sheria yao ya 1957: mshtakiwa mmoja, Abuki, alifungwa miezi 22 na kupigwa marufuku kukanyaga kwao miaka 10. Mahakama ya Katiba ikasema 1997 kwamba kumfukuza mtu kwake na shambani kwake ni adhabu ya kikatili, na Mahakama ya Juu ikakubali 1999. Fukuzeni kifungu hicho kwanza, mengine tujadili.

Enzi za Mwalimu
Sheria mnaionea. Kilichokufa ni uwajibikaji. Mzee Mwinyi alijiuzulu Uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu vikongwe waliuawa Shinyanga. Nani leo angethubutu?

Mhifadhi
Hapana. Mnairudia kila mwaka na kila mwaka mnaikosea. Mwinyi hakujiuzulu kwa ajili ya vikongwe. Mwaka 1976 ilifanyika operesheni ya kuwasaka wauaji Mwanza na Shinyanga, watu wakakamatwa kwa mamia, wakateswa, wengine wakafia mahabusu. Waliokufa mikononi mwa dola ni watuhumiwa wa mauaji. Kwa hao ndio walijiuzulu Mwinyi, waziri mwenzake Siyovelwa na wakuu wa mikoa yote miwili. Anayesema ni kwa ajili ya vikongwe anafuta marehemu wengine kwenye historia.

Enzi za Mwalimu
Usinifundishe mambo niliyoyasikia redioni kabla hujazaliwa. Operesheni ilitokana na nini kama si mauaji ya vikongwe? Chanzo ni kilekile.

Mhifadhi
Chanzo si sababu ya kujiuzulu. Ukichanganya hayo mawili unahalalisha kipigo: eti walikufa kwa jambo jema. Na kipigo hakikuzuia kitu. Hesabu ya mleta mada inafika 1984, miaka minane baada ya operesheni.

Mkilifi
Ndugu zangu wa Tanzania, mwaenda mbali na mada. Kwetu Kenya sheria ni ya 1925, Sura ya 67, na yashika pande zote mbili: kumwita mtu mchawi pia ni kosa, kifungo hadi miaka mitano. Lakini yamwacha nje anayepeleka tuhuma kwa chifu au polisi. Vijana walielewa haraka: wampeleka mzee kwa chifu kwanza, jina lake lasemwa hadharani, na hakuna wa kushtakiwa. Kilifi mzee ndiye ashikaye shamba la ukoo ambalo halijagawanywa. Akiondoka, lauzwa. Ndio maana wazee hupaka mvi rangi nyeusi, na waliofukuzwa wakakimbilia Kaya Godoma kule Ganze. Kisii nako, Mei 2008, watu 11 walichomwa moto. Sheria ilikuwapo.

Kalamu ya Mkaa
Mkilifi, hiyo ya chifu sikuijua, inaniunga mkono kabisa. Nyanda, naomba radhi kwa neno "tu".

Nyanda wa Ntuzu
Radhi nimeipokea. Sasa nijibuni hili, maana hakuna aliyeligusa. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi. Mnajua nfumu, yaani mganga wa Kisukuma, anavyosoma ramli? Mteja huja na kifaranga, humtemea mate mdomoni ili shida yake iingie humo. Nfumu humpasua, husoma alama kwenye mabawa, mifupa na utumbo. Hataji jina. Husema: mwanamke, mtu mzima, kaolewa ukoo wenu, anakaa upande wa machweo. Jina hutajwa na familia njiani kurudi. Sheria inamsaka aliyetaja jina. Hapo utamshika nani?

Enzi za Mwalimu
Kwa hiyo waganga wote ni wauaji? Kuna Sheria ya Tiba Asili ya 2002, wanasajiliwa, wanatibu watu. Na Mwanamalundi je? Mti ulikauka aliponyoosha kidole, Wasukuma wanamtukuza hadi leo. Naye angefungwa?

Nyanda wa Ntuzu
Nani kasema wote? Nimesema namna moja ya ramli. Mwanamalundi hakumtuma mtu na panga mlangoni kwa bibi.

Wakili wa Pori
Kwa maandishi ya sheria, ndiyo, angefungwa: alidai nguvu. Na nfumu wa kifaranga akisema "sikutaja mtu", anatoka. Hapo ndipo pa kuandika upya: kosa liwe kumwelekeza mteja kwa binadamu yeyote kama chanzo cha kifo au ugonjwa, kwa jina au kwa dalili.

Mama Kope
Samahani kuingilia. Huyo bibi wa vikope, dawa inamsaidia?

Nyanda wa Ntuzu
Mama, inategemea hatua. Maambukizi yakiwa mapya, dawa ya azithromycin inayogawiwa kijiji kizima inasaidia, pamoja na kunawisha watoto uso kila siku. Kope zikishageukia ndani, vidonge havizirudishi nje. Kuzing'oa kwa kibano ni nafuu ya wiki chache, zinaota tena. Anahitaji upasuaji mdogo wa ukope, kwa ganzi, anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Mpeleke kabla mboni haijapata ukungu, kwa sababu huo upasuaji wa ukope hauuondoi.

Mhifadhi
Narudia, ilikuwa ni watuhumiwa.